Vyombo Thelathini vya Watu Wawili

Mpaka leo sijaelewa kwa nini maji safi yafutwe kwenye sahani safi. Nimezeeka, nimeona Mjerumani akija na akiondoka, nimeona Mwingereza akikalia kiti kilekile kabla hakijapoa, lakini hilo la kufuta maji bado halijaniingia akilini. Sahani ukiiosha ukaiinamisha juani, itakauka yenyewe wakati wewe unafanya jambo la maana. Miaka miwili nilikula mkate wa Mzungu kwa kufanya kwa mikono kazi ambayo jua linaifanya bure. Na niliifanya roho mkononi, kwa hiyo mniache niicheke nitakavyo.

Nyumba yenyewe ilikuwa mashariki ya boma la Arusha, mwendo mfupi tu, kwenye mteremko unaoshukia mtoni. Bwana alikuwa mlowezi aliyelima kahawa, au niseme ukweli, aliyesimama na kofia kubwa akiwatazama wengine wakilima kahawa. Mkewe tulimwita Bibi. Alikuwa mrefu, mkavu, na macho yaliyoliona tone la maji kwenye glasi tangu mlangoni. Aliletewa makasha yake kwa magari ya ng'ombe ya Makaburu kutoka Moshi, na watu walioyashusha walidhani yamejaa risasi kwa jinsi yalivyokuwa mazito. Yalikuwa yamejaa vyombo.

Siku moja nilihesabu kwa punje za mahindi, nikitupa punje moja kwenye kikapu kwa kila chombo kilichorudi kutoka mezani. Sahani ya supu na kisahani chake, sahani ya nyama, sahani ndogo ya mkate, kibakuli cha matunda ya kupikwa, glasi ya maji na glasi ya kitu kingine, kikombe na kisahani cha kikombe, na bado mabakuli makubwa ambayo chakula kilihamishiwa kutoka sufuriani ili kikatazamwe kwanza kabla ya kuliwa. Punje zilifika thelathini. Walikuwa watu wawili, kwa mlo mmoja wa mchana, na wote wawili walidonoa tu. Kwetu, upande wa magharibi wa mlima, watu kumi walikula kwenye ungo mmoja wakashiba, na ungo ukakung'utwa kidogo ukarudi mahali pake.

Sasa jiko. Lilikuwa kibanda cha mawe nyuma ya nyumba, hatua tatu kwa nne, kwa sababu Wazungu wanapenda chakula lakini hawapendi kukiona kikipikwa. Nusu ya hizo hatua ilikuwa ya jiko la chuma. Iliyobaki ilikuwa ya meza, na meza ilikuwa ya mpishi. Mpishi alikuwa mtu mzima wa Pangani, mwenye kanzu safi na ulimi mchafu, aliyetuita sisi wa mlimani washenzi bila hata kuinua sauti, kama mtu anavyosema leo kuna mawingu. Mezani pale alikuwa na kinu chake cha kahawa, bakuli lake la unga, visu vyake vinne, na kofia yake ya kudariziwa, ambayo ilikuwa na nafasi yake isiyoguswa. Mimi niliachiwa pembe moja, upana wa kiganja na nusu. Niweke vyombo thelathini hapo, vilivyolowa na vilivyokauka, na visigusane.

Sheria zilikuwa za Bibi. Vitambaa vitatu kwenye misumari mitatu. Chenye uzi mwekundu ni cha glasi, chenye uzi wa bluu ni cha sahani, kisicho na uzi ni cha sufuria. Ole wako ufute sahani kwa kitambaa cha glasi. Bibi alijua, sijui alijuaje. Jioni alivihesabu vyote vitatu kabla sijatoka, akivigusa kimoja kimoja kwa kidole. Chombo kisiwekwe chini. Chombo kisiachwe kijikaushe, maana maji yakikauka yenyewe yanaacha alama. Kisha alikuja na leso nyeupe, akaiingiza ndani ya kikombe, akaizungusha, akaitazama kwenye mwanga wa mlango. Leso ikilowa, vyote thelathini vilirudi kwenye karai.

Kwa hiyo nilifuta sahani nikiwa nimesimama, nikaipachika dirishani. Dirisha likijaa, niliweka juu ya gunia la unga. Gunia likijaa, nilikaa kwenye kigoda nikapanga mapajani. Kuna siku nilibaki nimekaa hivyo, sahani kumi na mbili mapajani na glasi mbili mkononi, siwezi kuinuka, nikimwomba mpishi anipokee, naye anasaga kahawa kwa nguvu zaidi ili asinisikie. Alipomaliza alinitazama akaniambia nimekaa vizuri, nisubiri zitotoe.

Mtaniuliza kwa nini sikumpasulia zile sahani kichwani nikaenda zangu. Hasira nilikuwa nazo, wala sijapungukiwa hata leo. Ila nilikuwa na mume, na mume alikuwa na mguu.

Siku zile boma lilitaka barabara. Jumbe alipita nyumba kwa nyumba, na fimbo yake na askari nyuma yake, akachagua wanaume wa kwenda kupasua mawe kwenye njia ya Moshi. Nyumba yenye mtu anayefanya kazi kwa Mzungu ilirukwa. Ndivyo ilivyokuwa kwetu, wala sikuuliza imeandikwa wapi. Mume wangu alikuwa amevunjika mguu wa kushoto na ukaungwa upande. Watu aliwaambia ni nyati. Mimi nilikuwepo: aliteleza korongoni akifuata ndama. Nyati au ndama, mguu ule usingestahimili wiki mbili za sururu, na nilijua hivyo kila nilipouchua usiku kwa mafuta ya kondoo. Basi mimi nilikuwa ule mtu wa kwa Mzungu. Nikivunja chombo nitafukuzwa, nikifukuzwa Jumbe hataruka nyumba yetu tena. Kila sahani niliyoishika, niliushika mguu wa mume wangu.

Na mume mwenyewe, mnadhani alishukuru? Alinuna. Rika lake lote lilikuwa limekwenda barabarani, mmoja baada ya mwingine, akabaki yeye na wazee na mbuzi. Na wao walikuwa na desturi yao tangu ujana, kwamba mwanaume hanywi maziwa peke yake. Anakunywa na mwenzake wa rika, hata kama ni mmoja, ama hanywi kabisa. Wengine wakishaoa hulegeza. Wa kwangu alikaza, mtu wa kukaza mambo yasiyo na faida. Asubuhi nilimwachia kibuyu kimejaa, jioni nikakikuta kimejaa, maziwa yameganda, nikampa mtoto wetu na mama mkwe. Alikula ndizi na maharage akakonda hadi mbavu zikahesabika. Jioni moja nikamtolea uvivu. Nikamwambia nalowa mikono kutwa nzima kwa ajili yake, halafu yeye anajiua njaa kwa kiburi.

Akaniuliza, "Ninywe na nani?"

Nikamjibu anywe na mbuzi. Sikulala vizuri usiku ule, lakini sikuyarudisha maneno.

Ikaja masika. Mlima ulijifunika, ukungu ukashuka hadi kwenye paa la jiko, na vitambaa vitatu vikakataa kukauka. Hebu fikirini: mtu mzima, mke wa mtu, anasimama kutwa akifuta sahani iliyolowa kwa kitambaa kilicholowa zaidi. Nilikuwa nahamisha maji tu, nayatoa sahani hii nayapeleka ile. Leso ya Bibi ikawa inalowa kila mara, na vyombo vikawa vinarudi karaini mara mbili, mara tatu. Mikono yangu ilikunjamana na kuwa myeupe, mpishi akasema nikiendelea hivyo nitakuwa Mzungu.

Siku moja jua lilipochungulia nikapata akili. Nikakata fito, nikasimika nguzo nne nyuma ya jiko, nikafunga kichanja kizuri kwa kamba za migomba, kama kile cha kila mama mwenye akili timamu. Nikapanga vyombo vimeinama, maji yanadondoka, jua linafanya kazi yake. Nilisimama nikavitazama nikajisikia tajiri. Bibi akatoka, akaweka mkono kifuani. Kwa Kiswahili chake cha kupasua kuni akasema hii ni nyumba ya kuku, akaamuru ivunjwe. Niliivunja mwenyewe, fito moja moja, na mpishi akazichukua fito akawashia moto.

Sasa nifike kwenye jagi. Lilikuwa jagi la maziwa, jeupe, lenye maua madogo ya bluu, la mama yake Bibi au la bibi yake, tumbo kubwa na shingo nyembamba kuliko mkono wangu. Aliyelitengeneza hakuwahi kuosha chombo maishani mwake. Kitambaa hakikupita. Nilikizungushia kwenye kijiti, kikapita, kikang'ang'ania ndani, nikakivuta kwa nusu ya asubuhi. Na siku hiyo ndiyo Bibi alingoja wageni, bwana mkubwa wa boma na mkewe, waje kunywa kahawa alasiri. Aliingia jikoni mara tano. Mara ya tano alisokota leso yake ikawa nyembamba, akaitumbukiza kwenye jagi, ikatoka imelowa chini. Akasema likauke ndani, kabisa, na maziwa yasinuke uchachu kama juzi. Akatoka.

Basi mimi nikafanya kile ambacho mwanamke wa kwetu anafanya kwa chombo cha maziwa chenye shingo nyembamba. Ninyi mnaokunywa maziwa ya kwetu mnajua. Kibuyu hakifutwi. Unachoma kijiti cha oloirien, ule mzeituni wa porini, mpaka kiwe kaa jekundu, unalitia ndani, unaziba, unatikisa, moshi unashika kila mahali. Kibuyu kinakauka, kinanukia, na maziwa yanakaa siku nyingi bila kuharibika. Mama yangu alifanya hivyo, mama mkwe alifanya hivyo, mimi nilikuwa nimefanya hivyo alfajiri ileile kabla sijatoka nyumbani. Kwenye rundo la kuni za mpishi kulikuwa na kipande cha oloirien. Sikufikiri hata kidogo. Mikono ilijua kazi yake, nikaona hatimaye kuna jambo moja katika jiko lile ninalolijua kuliko wote.

Nikatia kaa, nikaziba kwa kiganja, nikatikisa mara moja. Jagi likasema *tak*.

Sauti ndogo tu. Nililitoa kaa, nikaligeuza jagi kwenye mwanga. Ufa ulitoka shingoni ukashuka katikati ya maua hadi tumboni, mwembamba kama unywele. Nikaona barabara ya Moshi. Nawaambia kweli, niliiona imenyooka mbele yangu, na mume wangu juu yake akiburuta mguu. Nilipogeuka, mpishi alikuwa amesimama na mwiko mkononi ananitazama, na alikuwa ameona yote.

Nikangoja atamke lile neno lake la mshenzi. Aliuweka mwiko. Alilichukua jagi, akapitisha ukucha kwenye ufa, akalinusa ndani, akaguna. Kisha akalijaza maziwa, akaupaka ufa ute wa yai, akaligeuza upande wa ufa kuelekea kwake, akalipeleka mezani yeye mwenyewe.

Mimi nilibaki mlangoni pa jiko nimeshika kitambaa. Ute wa yai ulivumilia kikombe cha kwanza. Kwa kikombe cha pili maziwa yakaanza kushuka kwenye kitambaa cha meza, taratibu, yakielekea kwa bwana mkubwa wa boma. Nikamsikia Bibi akimwita mpishi kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, akamuuliza nani kalipasua.

Mpishi akasimama wima, mikono nyuma. "Bibi, hili ni jiko la Ulaya, na lile ni jagi la Ulaya. Wamegombana wenyewe kwa wenyewe."

Akaeleza, kwa adabu nyingi mno, kwamba yeye ndiye aliyeliweka jagi juu ya chuma cha moto, kwa sababu mezani hapana mahali, dirishani hapana mahali, na Bibi amekataza chini. Bwana mkubwa wa boma akacheka. Bwana naye akalazimika kucheka. Bibi hakucheka, lakini angefanya nini? Kutoka pale hadi Tanga hapakuwa na mtu mwingine wa kumpikia mkate ulioumuka, na mpishi alikuwa akimkumbusha hivyo kila mwezi.

Nilipotaka kumshukuru alinikatiza. Akasema hakufanya kwa ajili yangu, alifanya kwa kuwa akija mshenzi mwingine itabidi aanze kumfundisha Kiswahili upya. Hiki ninachozungumza nanyi ni chake, kwa hiyo sikubishana. Baadaye nilisikia kwamba Bibi aliagiza kichanja kijengwe nyuma ya jiko, palepale nilipojenga changu, akakipa jina la Kijerumani na kuwaonyesha wageni kama kitu alichokibuni mwenyewe. Sikuwahi kukiona.

Jioni ile nilipanda nyumbani karibu nikikimbia. Kitambaa cha glasi kilikuwa bado begani kwangu. Katika ghasia zile Bibi alikuwa amesahau kuvihesabu, nami nilisahau kukitundika. Njiani nilikuwa nacheka peke yangu. Nilitaka kumsimulia mume wangu habari ya jagi na jiko waliogombana, nimwone akicheka hata mara moja, kisha nimwambie tumeponea chupuchupu.

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni. Aliniambia amekwenda. Nikauliza Jumbe amekuja? Akasema Jumbe hakuja, hakuna aliyekuja. Mwanawe alichukua fimbo yake asubuhi, mara tu nilipotoka, akashuka kuwafuata wenzake kwenye mto Nduruma, wanakojenga daraja la barabara ile. Hakulazimishwa na mtu. Kibuyu alikiacha pale nilipokiweka, kimejaa.

Niliketi chini nikatukana. Nilimtukana yeye, nikalitukana rika lake, nikamtukana na yule ndama. Kisha alfajiri nikakamua, nikakifukiza kibuyu kikubwa kuliko vyote tulivyokuwa navyo, nikakijaza, nikaenda Nduruma badala ya kwenda kwa Bibi.

Niliwakuta kabla ya saa sita, wamekaa kando ya mawe wakipumzika. Walikuwa wanane. Yeye alikuwa wa mwisho kwenye mstari, mguu umenyooshwa mbele. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno makali. Nikampa kibuyu. Hakunywa. Alimpa wa pembeni yake, na huyo akampa mwenzake, kikazunguka wote wanane, mdomo kwa mdomo, na kilipomrudia akainua kichwa akanywa kwa muda mrefu, nikaona koo lake linapanda na kushuka. Watu wanane, chombo kimoja.

Akanirudishia kikiwa kitupu. Mikono yangu, mijinga ile, ikavuta kitambaa begani ikaanza kuufuta mdomo wa kibuyu, kuzunguka, kuzunguka, kama leso ya Bibi inakuja. Wanaume wote wakacheka hadi mnyapara akageuka.

Mume wangu akaniambia, "Acha. Jua lipo."

Nilipoinama kuchukua kifuniko ndipo nikauona mguu. Ulikuwa umevimba hadi juu ya goti kwa siku moja tu ya kazi, ngozi inang'aa, na haukurudi tena kuwa mguu. Alitembea kwa mkongojo maisha yake yote. Nikaacha kucheka nao. Nikapiga magoti, nikalifunga goti lake kwa kitambaa cha glasi, nikakikaza, uzi mwekundu kwa nje. Na kwa kuwa Bibi alikuwa anavihesabu, nilijua wakati nakifunga kwamba nimemaliza kazi kwake. Mnyapara akawaita. Nikachukua kibuyu changu, nikapanda kurudi nyumbani.